Faili la Video Linakataa Kunakiliwa Ilhali Nafasi Ipo: Dalili, Sababu na Marekebisho

Flashi ina nafasi tupu ya gigabaiti 58, faili la video lina gigabaiti 5, na bado kompyuta inasema kwamba faili hilo ni kubwa mno kwa mahali linapopelekwa. Anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani flashi imeharibika, akatafuta nyingine ya ukubwa uleule, akaambiwa yaleyale. Tatizo haliko kwenye nafasi. Liko kwenye mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao diski imepangwa nao ili iweke kumbukumbu ya jina la kila faili, mahali lilipo na ukubwa wake.

Flashi na kadi nyingi bado zimepangwa kwa FAT32, mfumo uliokuja na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996. Katika mfumo huo ukubwa wa kila faili huandikwa kwa biti 32, na namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295. Faili likizidi hapo kwa baiti moja tu, ukubwa wake hauna pa kuandikwa, hata kama diski ina nafasi ya mafaili mia moja ya namna hiyo. Mwaka 1996, wakati diski nzima ya kompyuta ya nyumbani ilikuwa na gigabaiti chache, kikomo hicho hakikumsumbua mtu. Leo kamera ya kawaida hukifikia ndani ya dakika chache.

Jambo moja naliomba kabla hatujaingia kwenye dalili: usianze kwa kufomati. Rekodi nyingi nilizoona zikipotea hazikupotezwa na kikomo chenyewe, bali na haraka ya kukiondoa. Mtu alisoma ujumbe wa kosa, akafomati kadi, kisha ndipo akakumbuka kilichokuwa ndani yake.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili zote

Unahitaji kujua mambo mawili, na yote mawili huchukua dakika moja. La kwanza ni jina la mfumo wa faili. Kwenye Windows, fungua dirisha linaloonyesha diski zote, bofya diski husika kwa kitufe cha kulia cha kipanya na ufungue sifa zake, na hapo utaona FAT32, exFAT au NTFS. Kwenye macOS, habari hiyo iko katika programu ya Disk Utility chini ya jina la diski. Kwenye Linux, andika `lsblk -f`, ukikumbuka kwamba FAT32 huonyeshwa huko kwa jina la vfat.

La pili ni ukubwa halisi wa faili kwa baiti, si kwa gigabaiti. Tofauti hii imewachanganya wengi. Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824, ilhali macOS huihesabu kuwa baiti 1,000,000,000 kamili. Kwa hiyo faili ambalo Mac inalionyesha kuwa la gigabaiti 4.2 litaingia kwenye FAT32 bila shida, na lile la 4.3 litakataliwa, ilhali kwenye Windows mpaka uko kwenye 4.00 yenyewe. Soma namba nzima ya baiti, uilinganishe na 4,294,967,295, na mabishano yote yataisha.

Dalili: Kompyuta inakataa kunakili na kusema faili ni kubwa mno, huku nafasi ikiwa tele

Karibu kila mara sababu ni FAT32 kama ilivyoelezwa. Ishara yake ni kwamba mafaili madogo yanaingia vizuri, hata kwa mamia, na lile moja kubwa pekee ndilo linalokataliwa, tena mara nyingi kabla kunakili hakujaanza.

Sababu ya pili, ambayo hutokea mara chache zaidi, ni kwamba nafasi kweli haipo, ila mtumiaji anaamini ipo kwa kuwa alifuta video za zamani. Ukifuta faili lililo kwenye flashi kupitia macOS au Linux, mara nyingi faili hilo halifutwi papo hapo, bali huhamishiwa kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, na huendelea kuchukua nafasi hadi utakapomwaga pipa la taka. Mwaga pipa flashi ikiwa bado imechomekwa, kisha ujaribu tena.

Sababu ya tatu huhusu mtandao. Ukinakili kuelekea folda ya mbali, kikomo kinaweza kuwa kimewekwa na njia ya kufikia folda hiyo badala ya diski iliyo upande wa pili. Mfano ulio wazi ni folda ya WebDAV, yaani folda ya mbali inayofikiwa kwa itifaki ya wavuti, inayofunguliwa kupitia Windows, ambayo kwa mpangilio wa kawaida hukataa faili linalozidi baiti 50,000,000, yaani kiasi kisichotosha hata video fupi. Mpangilio huo unaweza kupandishwa, lakini mwisho wake nao ni 4,294,967,295, namba ileile. Kwa video kubwa, tumia njia nyingine ya kuhamishia, kama vile SFTP au folda ya SMB.

Ukishathibitisha kwamba ni FAT32, una njia tatu.

Njia ninayoipendekeza kwa flashi na diski za nje zinazotembea kati ya kompyuta tofauti ni kuzifomati upya kwa exFAT. Mfumo huu Microsoft iliutoa mwaka 2006 kwa ajili ya vifaa vya aina hii hasa, na kikomo chake cha ukubwa wa faili kiko mbali kabisa na video yoyote utakayorekodi. Windows na macOS huusoma na kuuandika bila programu ya ziada, na Linux pia, kwani Microsoft ilichapisha maelezo yake rasmi mwaka 2019 na kiini cha Linux kikapata dereva iliyokomaa katika toleo la 5.7 la mwaka 2020. Nakili kwanza kila kitu kilichomo kwenye flashi hadi diski nyingine, fungua mafaili mawili matatu kwenye nakala hiyo uone kwamba yanacheza, kisha ndipo ufomati. Katika dirisha la kufomati chagua exFAT na uache ukubwa wa klasta ulivyo. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, soma tena herufi ya diski na ukubwa wake. Diski mbili za nje zilizochomekwa kwa pamoja, zenye majina yanayofanana, zimeshawapotezea watu kazi ya miaka. Kuchomoa ile usiyoihitaji ni kinga bora kuliko umakini wowote.

Njia ya pili huifaa diski ambayo imejaa na huna mahali pa kuhamishia vilivyomo, mradi itatumika kwenye Windows pekee. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike `convert E: /fs:ntfs`, ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E. Amri hii hubadilisha FAT32 kuwa NTFS bila kufuta mafaili. Hata hivyo haina amri ya kurudi nyuma, inahitaji nafasi tupu kidogo ya kufanyia kazi, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na diski isiyo ya huku wala ya kule. Usiitumie kwenye kadi ya kamera, kwa kuwa kamera kwa kawaida haziijui NTFS.

Njia ya tatu ni kuligawa faili, nayo ni ya dharura tu, pale ambapo flashi si yako na huruhusiwi kuifomati. Programu ya 7-Zip inaweza kuligawa faili katika vipande vya megabaiti 4092, ukubwa uliochaguliwa makusudi ili upite chini ya kikomo cha FAT. Kwenye Linux na macOS, amri ya `split -b 4000m video.mkv video.mkv.` hufanya kazi hiyo, na upande wa pili vipande huunganishwa kwa `cat video.mkv.* > video.mkv`. Vipande hivi si video ndogondogo. Havichezi hadi viunganishwe vyote, na kimoja kikipotea, faili zima limekwenda.

Dalili: Kamera inakata rekodi vipandevipande, au inaacha kurekodi yenyewe

Hapa hesabu fupi itakuambia mengi kuliko kubahatisha. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde huandika megabaiti 12.5 kila sekunde, hivyo hufikia kikomo cha FAT32 baada ya dakika 5 na sekunde 43 hivi. Kwa megabiti 50 ni dakika 11 na sekunde 27. Kwa megabiti 400, ambayo kamera za kazi nzito huitumia, ni chini ya dakika moja na nusu. Chukua kasi iliyoandikwa kwenye menyu ya kamera yako, fanya hesabu hiyo, kisha tazama urefu wa vipande ulivyopata.

Vipande vikiwa vyote na ukubwa unaokaribia gigabaiti 4, isipokuwa cha mwisho, sababu ni kikomo. Kadi imefomatiwa kwa FAT32, na kamera, ikijua hivyo, inafunga faili na kufungua jingine ili rekodi iendelee. Huu si ubovu. Kwa mujibu wa viwango vya kadi za SD, kadi za SDHC, zinazozidi gigabaiti 2 na kuishia gigabaiti 32, hutumia FAT32, na kadi za SDXC, zinazozidi gigabaiti 32 hadi terabaiti 2, hutumia exFAT. Kuhamia kadi ya SDXC iliyofomatiwa ndani ya kamera yenyewe huondoa mgawanyo huo kwa kamera nyingi, ingawa si zote, kwa kuwa zipo ambazo programu zake hukata faili kwenye gigabaiti 4 hata juu ya exFAT. Kama yako ni ya aina hiyo, angalia kama kuna sasisho la programu ya kamera, na kama halipo, zoea kuunganisha.

Rekodi ikikoma kwa nyakati zisizolingana, mara dakika mbili, mara dakika saba, mfumo wa faili hauhusiki. Mtuhumiwa wa kwanza ni kadi iliyo na kasi ndogo kuliko inavyohitajika, na wa pili ni joto la kamera. Ikikoma kwenye dakika 29 na sekunde 59 kila mara, hicho ni kikomo kingine kabisa ambacho watengenezaji wengi wa kamera za picha walikiweka kwa sababu ya ushuru wa Umoja wa Ulaya kwa vifaa vilivyohesabiwa kuwa kamera za video. Kufomati hakukigusi.

Vipande vya kamera, tofauti na vile vya 7-Zip, ni video kamili kila kimoja, na vinaweza kuunganishwa bila kupunguza ubora. Kwa mafaili ya MP4 tumia ffmpeg, programu huria ya video inayoendeshwa kwa amri: andika faili la maandishi lenye mistari ya namna ya `file 'sehemu1.mp4'`, mstari mmoja kwa kila kipande na kwa mpangilio sahihi, kisha uendeshe `ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mp4`. Yale maneno ya `-c copy` ndiyo yanayozuia video isisimbwe upya, yaani isibanwe tena na kupoteza ubora, kwa hiyo usiyaache. Wapo wanaojaribu kuunganisha MP4 kwa kubandika baiti za faili moja nyuma ya lingine, wakapata faili lenye ukubwa wa vipande vyote lakini linalocheza cha kwanza peke yake. Kubandika kwa namna hiyo hufaa kwa mafaili ya MTS ya kamera za AVCHD, ambayo muundo wake unakubali kuendelezwa, na kwenye Windows amri yake ni `copy /b a.mts+b.mts zima.mts`.

Na hapa kuna mtego ambao nimeuona ukimrudisha mtu mwanzo mara tatu. Alikuwa akiunganisha vipande vinne, na kila jaribio lilikufa karibu na asilimia ileile. Programu ilikuwa sahihi, orodha ilikuwa sahihi, na vipande vilikuwa vizima. Ila faili jipya alikuwa analiandika kwenye kadi ileile ya FAT32 ambayo ndiyo iliyosababisha video ikatwe. Faili la matokeo lielekezwe kwenye diski ya exFAT, NTFS, APFS (mfumo wa Mac) au ext4 (mfumo wa Linux), na vipande vya asili visifutwe hadi video nzima itazamwe, hasa pale kipande kimoja kinapokutana na kingine.

Dalili: Faili limenakiliwa, lakini video inaishia katikati au haifunguki kabisa

Linganisha kwanza ukubwa wa nakala na wa asili kwa baiti. Nakala ikiwa ndogo, jiulize kama imesimama kwenye 4,294,967,295 au karibu yake sana. Kama ndivyo, programu iliyonakili au kupakua iligonga kikomo ikanyamaza badala ya kukuambia. Programu za zamani zinazoweka ukubwa wa faili kwa biti 32 hufanya hivyo hata kwenye diski isiyo na kikomo chochote. Nakili upya kwa kutumia zana ya kawaida ya mfumo endeshi kuelekea diski inayofaa.

Nakala ikiwa ndogo kwa kiasi kingine chochote, sababu ya kawaida zaidi ni kuchomoa flashi mapema. Mfumo endeshi huweka data kwenye memori kabla ya kuiandika diskini, na mstari wa kuonyesha maendeleo unaweza kufika mwisho huku mamia ya megabaiti yakiwa bado njiani. Kwenye Linux jambo hili huonekana wazi: kunakili kunaonekana kumekwisha kwa sekunde kumi, kisha kuondoa flashi kunachukua dakika kadhaa. Ondoa flashi kwa njia salama ya mfumo na usubiri ujumbe wa ruhusa. Kwenye Linux unaweza pia kuandika `sync` na kungoja hadi amri hiyo irudi.

Ukubwa ukilingana na video bado inakwamakwama, hakiki alama ya faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kwenye Linux tumia `sha256sum`, na kwenye Windows `certutil -hashfile video.mp4 SHA256`, kwa faili la asili na kwa nakala. Herufi zikitofautiana hata moja, nakala si sawa na asili, na kabla ya kunakili upya badilisha kebo au tundu la USB. Zikilingana, nakala haina kosa na kasoro iko kwenye faili la asili.

Faili la asili la MP4 lisilofunguka kabisa mara nyingi limekosa faharasa yake. Kamera nyingi huandika faharasa ya video mwishoni mwa faili, wakati rekodi inapofungwa, kwa hiyo betri ikizima ghafla picha zote zinakuwepo lakini hakuna kinachoeleza ziko wapi. Programu huria ya untrunc huweza kuijenga upya faharasa hiyo ikipewa video nyingine nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile. Ifanye kazi juu ya nakala, kamwe si juu ya faili la pekee ulilo nalo.

Dalili: Baada ya kufomati kwa exFAT, runinga au kamera haioni flashi

Kikomo kimeondoka, lakini kifaa cha kuchezea hakijui mfumo mpya. Runinga na redio za magari za zamani kidogo husoma FAT32 peke yake, na nyingine husoma FAT32 na NTFS bila exFAT. Kijitabu cha kifaa hutaja mifumo inayokubaliwa, na dakika tano za kukisoma huokoa kufomati mara nne. Runinga ikikubali NTFS, fomati flashi kwa NTFS kwenye Windows na shida imekwisha.

Kama exFAT imetajwa kwenye kijitabu na flashi bado haionekani, kagua namna patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, zilivyopangwa. Vifaa vingi vya nyumbani vinaelewa mpango wa zamani wa MBR tu, na flashi iliyofomatiwa kwenye macOS inaweza kuwa imewekewa mpango mpya wa GUID (GPT) bila wewe kuulizwa. Katika Disk Utility, chagua kuonyesha vifaa vyote, shika kifaa chenyewe cha juu badala ya patisheni iliyo chini yake, na ndipo uchaguzi wa mpango utakapotokea. Kumbuka kwamba hatua hii inafuta kila kitu kilichomo.

Runinga ikikubali FAT32 pekee, hakuna ujanja isipokuwa kuifanya video iingie chini ya kikomo. Ukitaka kuilinda picha isipungue ubora, tumia MKVToolNix kuigawa katika sehemu mbili zinazocheza zenyewe, bila kuisimba upya. Ukitaka faili moja, itabidi uisimbe upya kwa kasi ndogo: video ya saa mbili huingia chini ya kikomo ikiwa kasi ya picha na sauti kwa pamoja haizidi megabiti 4.7 kwa sekunde. Kwa kodeki (njia ya kubana video) ya H.264 kiwango hicho kinatosha picha ya 1080p inayotazamika vizuri, ila kwa picha ya 4K nisingekishauri.

Kwa kamera, usihangaike na kompyuta. Rudisha kadi kwenye kamera na uifomati humohumo, baada ya kuokoa vilivyomo.

Dalili: Diski inasomeka lakini haikubali kuandikwa

Kwenye macOS, tazama kama ni NTFS. Mac husoma NTFS lakini haiiandiki bila programu ya ziada, na kwa diski inayoshirikiwa na Windows, exFAT ni suluhisho safi kuliko programu hizo. Kwenye Linux, diski ya NTFS hukataa kuandikwa ikiwa Windows haikuifunga ipasavyo, jambo linalotokea sana pale Windows inapozimwa kwa ule uzimaji wa haraka ambao kwa kweli ni usingizi. Irudishe kwenye Windows, endesha `chkdsk E: /f`, kisha uizime kompyuta kikamilifu kwa `shutdown /s /t 0`. Kwa kadi za SD, kitufe kidogo cha pembeni kinachofunga uandishi huweza kusogea chenyewe kadi inapoingizwa, nacho kikaguliwe kabla ya mambo mengine yote.

Lakini kadi au flashi iliyokuwa inaandika jana na leo inakataa kwenye kompyuta zote, ikiwa imefunguliwa kitufe na mfumo wake haujaguswa, huenda imefika mwisho wa maisha yake na kujifunga isiandikwe tena. Toa vilivyomo siku hiyohiyo, maana nafasi ya kusoma nayo inaweza isidumu.

Dalili: Mfumo ni exFAT, video zinaingia, kisha zinakutwa zimeharibika

Dalili hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa kosa. Sababu ya kwanza ni ileile ya kuchomoa bila kuaga, na kwa exFAT madhara yake ni makubwa. NTFS, APFS na ext4 zina njia za kujilinda kazi inapokatizwa, ama kwa kuandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyafanya, ama kwa kuandika upya pembeni bila kugusa kilichopo. ExFAT haina ulinzi huo. Ndiyo maana naitumia kubebea na kuhamishia, na sihifadhi kwayo kumbukumbu za kudumu. Diski inayokaa mezani ikiwa imechomekwa kompyuta moja ipewe mfumo wa kompyuta hiyo: NTFS kwa Windows, APFS kwa Mac, ext4 kwa Linux, ambayo kwa bloku za kawaida za kilobaiti 4 hupokea faili moja la hadi terabaiti 16.

Sababu ya pili ni flashi au kadi ya ukubwa wa uongo. Imeandikwa gigabaiti 256, kompyuta inaonyesha 256, lakini chipu iliyo ndani ina 16 au 32 tu, na kinachozidi hapo huandikwa juu ya vilivyotangulia au hutupwa. Video za kwanza hucheza na za baadaye hufunguka na picha nyeusi. Hakuna kufomati kutakakoirekebisha. Pima kila flashi mpya kabla ya kuiamini: H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux na macOS, huijaza flashi yote kwa data na kuisoma tena. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, na ni saa zenye thamani kuliko rekodi isiyoweza kurudiwa.

Diski kubwa inayoonyesha terabaiti 2 pekee ilhali ni ya 4 ina kasoro nyepesi zaidi: imepangwa kwa MBR, ambayo kwa sekta za baiti 512 haihesabu zaidi ya hapo. Hamisha vilivyomo, ipange upya kwa GPT, na nafasi yote itaonekana.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Windows ikisema kwamba ni lazima ufomati diski kabla ya kuitumia, na diski hiyo ina video ambazo huna pengine popote, bonyeza kitufe cha kughairi. Ujumbe huo una maana kwamba Windows imeshindwa kuusoma mfumo wa faili, haina maana kwamba video hazipo. Jaribu kisoma kadi kingine na kompyuta nyingine. Ikishindikana, iweke kadi kando na usiandike kitu juu yake, usiendeshe `chkdsk`, na usijaribu programu tano za kuokoa data moja baada ya nyingine. Mwenye ujuzi wa Linux anaweza kutengeneza taswira nzima ya kadi, yaani nakala yake ya baiti kwa baiti, kwa programu ya ddrescue na kufanyia kazi taswira hiyo, akiiacha kadi yenyewe bila kuguswa.

Diski ya sumaku inapotoa mlio wa kugongagonga, inapojizima na kujiwasha, au inapochukua dakika nzima kufungua folda moja, izime wakati huohuo na usiiwashe tena. Kila inapozunguka, kichwa chake cha kusomea kinaweza kuwa kinakwangua sahani zilizobeba picha zako. Hali kadhalika flashi iliyopinda, inayopata joto kupita kawaida, au isiyotambuliwa na kompyuta yoyote. Vifaa hivyo vipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data mwenye vifaa vya kufungulia diski, na utakapomkabidhi mweleze mfumo wa faili uliokuwepo, kifaa kilichorekodi, na kila hatua uliyokwisha kuichukua, hata ile unayoijutia, kwa kuwa hiyo ndiyo anayohitaji kuijua kwanza.